Makofi ya Dubu

Haya ni kweli tupu, na dubu mwenyewe alikuwepo: wa mbao, tumbo la sifongo, taji la kopo la samaki. Silviu Pricop, fundi wa vikaragosi, alimchonga kwa majuma sita, na asubuhi hiyo alitamani angechonga sungura.

Tume ilikuwa ukumbini. Katika Romania ya siku zile za udikteta, hata mchezo wa vikaragosi vya watoto ulipitishwa kwanza na tume.

"Mzee Silviu, vaa soksi mbili," Lenuta, mchezeshaji wa vikaragosi vyake, alinong'ona nyuma ya pazia. "Huko watakakotupeleka kuna baridi kuliko humu."

"Kuliko humu? Hakuna mahali hapo."

Mswada wa mchezo ulikuja kwa posta, bila jina. Mashine zote za chapa zilisajiliwa polisi, kwa hiyo aliyeutunga aliandika kwa mkono, herufi kubwa kubwa kama za mtoto. Dubu anakula asali ya msitu mzima, wanyama wanampigia makofi, mpaka siku kalunguyeye anaposhusha mikono. Silviu aliusoma jikoni mpaka chai ikapoa. Kila ukurasa alijiona yeye, akipiga makofi miaka ishirini.

Ukurasa wa mwisho, wenye maneno ya kalunguyeye, aliutia kiberiti siku ileile. Ulitosha kumfunga mtu miaka kumi. Hata Lenuta hakuuona. Jukwaani kalunguyeye angeshusha mikono kimya, basi.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Wawili walikuja kuota moto, wakaukosa, wakasinzia. Wa tatu, Ndugu Dumbrava, alikuwa ameshafunga maonyesho mengi kuliko aliyoruhusu. Alitazama mchezo, mswada ukiwa umefungwa magotini, midomo ikimcheza kufuata maneno. Kalunguyeye aliposhusha mikono, alivua miwani akafuta macho.

Silviu akaketi juu ya sanduku. Mtu wa tume akilia, ameelewa. Akielewa, kwisha habari. Wala hakuogopa, alijisikia tu kama mtu aliyefika mwisho wa foleni.

Dumbrava akapanda jukwaani taratibu, akaugonga mswada muhuri wa ruhusa. Kisha akamwinua kalunguyeye.

"Nani amemnyamazisha huyu?"

"Mimi, Ndugu. Hakuwa na la kusema."

"Umefanya vizuri."

Akageuka kuwatazama wenzake waliosinzia. Halafu akainama sikioni mwa Silviu, akayasema polepole yale maneno ambayo Silviu aliyaona mara moja tu, jikoni, kabla ya kiberiti.

"Simchukii dubu. Nimechoka tu kuisikia mikono yangu ikidanganya."