Chumba Chenye Mlango

"Ukiulizwa na mkagua tiketi," karani wa stesheni ya Same alimwambia Ernesta, "sema wewe ni mke wa huyo bwana."

Ernesta alidhani hakusikia vizuri. Yeye, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Bombo, aitwe mke wa mtu asiyemjua.

"Daraja la tatu hakuna hata pa kusimama, mama," karani alisema. "Watu wanakwenda Saba Saba. Lakini kule mbele, daraja la kwanza, kuna chumba cha vitanda viwili kimeandikwa bwana na bibi. Bibi hakupanda Moshi. Na sheria haikubali mwanamke na mwanamume wasiooana walale chumba kimoja."

"Sina nauli ya daraja la kwanza, baba."

"Weka hela yako. Kitanda kimeshalipiwa." Akamtazama. "Umesema unaitwa Ernesta, wa Bombo?"

"Ndiyo."

Karani aliinamia daftari lake. Ernesta alikuwa tayari hata kumwita punda mumewe, mradi punda huyo afike Dar es Salaam asubuhi. Mfa maji hukamata maji. Kwenye kona ya kanga alikuwa amefunga simu ya maandishi aliyoletewa na mwinjilisti alfajiri ile: ANAELI MGONJWA SANA NJOO UPESI. Ilitumwa na mkuu wa shule alikosoma mwanawe wa pekee, na ilichukua siku mbili kupanda mlima. Siku mbili ni nyingi kwa mgonjwa. Tangu ashuke na lori la ushirika, hilo ndilo alilokuwa akilihesabu.

Alipanda na kikapu chake, akabisha mlango wa chumba, akaingia akiwa na maneno ya kuomba radhi mdomoni. Mwanamume aliyekuwa dirishani aligeuka.

Alikuwa Tumainieli, mumewe wa ndoa, aliyemwacha na mtoto miaka sita iliyopita akaenda kuishi na mwanamke mwingine Moshi.

Ernesta angeteremka, lakini treni ilikuwa imeshaondoka.

"Kaa, Mama Anaeli," Tumainieli alisema.

"Huyo bibi wako kapitwa na treni?"

Ernesta alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekaa juu ya siafu. Shuka zilikuwa nyeupe, zimenyooshwa kwa pasi, na kulikuwa na karai dogo la kunawia ukutani. Nchi nzima inaimbiwa Ujamaa, yeye na mwanawe wamekula makande yasiyo na mafuta miaka sita, kumbe mwenzao analala huku na hawara yake.

"Simu ulipata?" aliuliza.

"Nilipata."

Angalau anakwenda kumwona mtoto, Ernesta aliwaza. Lakini hasira haikumtoka. "Na mtu anayekwenda kwa mgonjwa anatafuta daraja la kwanza la nini?"

"Kina mlango," Tumainieli alisema taratibu. "Chumba. Kina mlango."

Ernesta alicheka kwa uchungu. Alijua watu wanaotafuta vyumba vyenye mlango.

Hedaru treni ilisimama kupisha treni ya mizigo. Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Ernesta alisimama, akakaa, akachungulia dirishani, akamwomba Mungu, kisha akamlaani dereva. Kila dakika aliiona ikimbandua mwanawe mikononi mwake. Tumainieli alikuwa amekaa tu, mikono juu ya magoti.

"Mwanao yuko kufani, wewe umekaa kama gunia la mahindi."

"Tutafika."

"Tutafika! Ulikuwa huna haraka nasi tangu zamani."

Alifungua kikapu aone kama sufuria ya makande haijamwagika. Aliyapika asubuhi kwa haraka, maharage hayakuiva sawasawa, lakini Anaeli aliyapenda hivyohivyo, magumumagumu. Tumainieli aliitazama ile sufuria.

"Ni ya Anaeli hii," Ernesta alisema. "Usiiguse."

Tumainieli alisimama, akachukua taulo, akatoka na kuufunga mlango polepole. Anakwenda kwenye behewa la chakula kunywa bia, Ernesta aliwaza. Koti lake lilibaki likining'inia msumarini.

Treni ilipoanza tena kutembea, mkagua tiketi alibisha. "Tiketi, ndugu."

"Mimi ni mke wa mwenye chumba," Ernesta alisema. "Tiketi zimo kwenye koti lake."

Aliingiza mkono mfukoni akatoa tiketi mbili. Mkagua tiketi alizisogeza kwenye taa.

"Bwana Tumainieli, Moshi hadi Dar es Salaam." Akaitoboa. "Bibi Ernesta, Same hadi Dar es Salaam. Zote zimekatwa leo Moshi." Akaitoboa na ya pili, akamrudishia. "Usiku mwema, mama."

Ernesta alibaki amezishika. Jina lilikuwa lake. Kituo kilikuwa Same. Hapakuwa na bibi mwingine aliyepitwa na treni; karani wa Same alikuwa akimngoja yeye. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alimwonea haya mumewe, akajiambia kwamba akirudi atampakulia makande kidogo, Anaeli hatakasirika.

Alipokuwa akizirudisha tiketi mfukoni, vidole vyake viligusa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa simu ya maandishi, kutoka shule ileile, nayo ilianza kwa jina lilelile. Tarehe tu ndiyo ilikuwa ya leo.

ANAELI AMEFARIKI ALFAJIRI HII. MWAMBIE MAMA YAKE.