Damu ya Kulinganishia

Mpimaji alitoa damu yake mwenyewe, iwe damu ya mtu asiyeumwa ya kulinganishia na ya wagonjwa. Mashine ikapima uzito wa protini, kipande kwa kipande.

Kwenye skrini, mchoro wake ulipanda pale pale ilipopanda michoro ya wagonjwa. Ilikuwa protini mbovu ya kurithi, ile ile iliyomuua mama yake.

Akarudia mara tatu. Pamba ilikuwa bado imebanwa na plasta mkononi mwake.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake wa kike, wa tumbo moja.

"Dada, utaitwa mama mkubwa! Nina mimba ya miezi mitatu!"

"Hongera, mdogo wangu." Akaitazama tena skrini. "Kesho asubuhi njoo huku maabara."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Usinywe chai kwanza."