Kilio Nyuma ya Pazia

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si katika daraja la biashara ndani ya ndege. Huko, mtaka cha mvunguni hubonyeza kengele, akaja mwingine kuinama.

Dervla alikuwa amepiga magoti, shavu limegusa zulia, mkono umezama hadi kiwiko chini ya kiti cha Bwana Halpin. Alikuwa anatafuta kizibo cha sikio. Ndege ilikuwa imeondoka Dublin asubuhi, na sasa ilikuwa juu ya Atlantiki ikielekea Boston. Mwenye kizibo alikuwa amekilaza kiti chake kikawa kitanda, naye amejinyoosha humo akingoja.

"Hiki hapa," alisema Dervla, akikipangusa kwa kitambaa.

"Hakinifai kitu. Hebu msikilize."

Nyuma ya pazia mtoto alikuwa analia. Alianza kabla magurudumu hayajaiacha ardhi, na tangu hapo alikuwa akinyamaza tu ili avute pumzi ya kulilia tena.

"Kwa sauti hiyo, lazima awe mtu wa Cork; kule hawajui kunong'ona," alisema Dervla, akijaribu utani.

Bwana Halpin hakucheka. "Binti, nikishuka tu nina mkutano. Kampuni imenilipia kitanda hiki ili nifike nimeshapata usingizi. Mkishindwa kumnyamazisha nitaandika malalamiko, na jina lako nimeshalisoma hapo kifuani."

Dervla alijikuta ameifunika beji yake kwa kiganja. Bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio, na msimamizi alishamwonya: lalamiko moja zaidi, avue sare. Sare ile aliitamani tangu siku alizokuwa akiuza chai na sandwichi pale uwanja wa ndege, akiwatazama wahudumu wakipita na masanduku yao ya magurudumu, hawamtupii jicho.

Akapenya pazia.

Mama wa mtoto alikuwa kiti cha kwanza upande ule, pale kilipotundikwa kitanda cha watoto ukutani. Chakula chake kilikuwa kimeganda bila kuguswa. Mtoto alikuwa amejikaza mikononi mwake kama ubao, uso umemwiva kama nyanya.

"Nikusaidie nini, dada?"

"Mikono mingine miwili, kama mnayo."

"Ingekuwepo ningekupa. Baba yake je?"

"Yuko mbele." Mwanamke alitoa kicheko cha puani. "Alisema atanipokea. Bila hivyo nisingekubali kupanda."

"Basi vumilia. Zimebaki saa chache."

"Naye alisema hivyo hivyo."

Dervla aliwaza lango la wanaowasili kule Boston: mwanamume na shada la maua, amesimama kwa ncha za vidole. Aliwahi kuwaona wake wengi wakiikimbilia mikono ya namna hiyo, akawaonea wivu kidogo. Akaleta maji ya vuguvugu, akaleta kijiko kilichopozwa kwa barafu. Mtoto alikitupa kijiko.

Kengele ikalia.

"Meno hayo," alisema Bwana Halpin, kitambaa cheusi kimemfunika macho. "Alazwe kifudifudi kwenye mkono, apigwepigwe mgongo. Jambo dogo hivyo mnalifanya mlima."

Kumbe mtu mkavu hivi anajua watoto, aliwaza Dervla. Akaupeleka ushauri. Mwanamke alimlaza mwanawe kifudifudi, akampigapiga, na kweli kilio kikashuka kikawa mguno.

"Nani kakufundisha hili?"

"Abiria mmoja wa kule kwa vigogo."

"Ndiyo," alisema mwanamke, akiutazama mgongo mdogo ukipanda na kushuka. "Wanaolea kwa mdomo huwa hawachoki."

Utulivu haukudumu. Ndege iliyumba kidogo, mtoto akashtuka, na kilio kikarudi kwa nguvu mpya. Dervla alipotoka nyuma ya pazia alimkuta Bwana Halpin amekwisha kuketi, kalamu mkononi.

"Karatasi," alisema.

"Nipe dakika moja tu, bwana. Tafadhali."

Alirudi nyuma karibu anakimbia, akachuchumaa karibu na goti la yule mama.

"Dada, nakuomba. Kuna bwana ananiandikia malalamiko, na akiyapeleka sina kazi. Njoo umwombe radhi. Neno moja tu. Akikuona ulivyochoka, moyo utamlegea."

"Najua wewe huna kosa," alisema mwanamke. "Amekaa wapi?"

"Safu ya pili, dirishani. Kizibo kimoja kimo sikioni, kingine kashika."

Mwanamke aliligeukia pazia. Kisha akafungua mkanda, akamweka mtoto begani, akauchukua na mfuko wa nepi.

"Nipeleke."

Dervla alilishika pazia, maneno ya upole yamejipanga ulimini: mama wa mtoto amekuja, bwana, ana neno. Hakupata nafasi ya kuyasema.

Kalamu ilimponyoka Bwana Halpin, ikabiringika chini ya kiti. Safari hii hakubonyeza kengele.

Mwanamke alimweka mtoto kifuani pa Bwana Halpin, juu ya shati lililopigwa pasi, na mfuko wa nepi akautua miguuni pake. Mtoto aliunyaka ukosi wa shati kwa ngumi zote mbili, akanyamaza kimya.

"Ulisema utanipokea baada ya chai, Cormac. Pokea."

"Muireann, watu wanatutazama," alinong'ona. "Sema samahani basi, umchukue, mrudi mkakae."

Mke wake alikuwa amekwisha kulishika pazia.

"Siombi radhi," alisema, akalivuta nyuma yake.