Nyuki wa Mtungini

Jirani alikuja mbio na kumbi la nazi linalofuka moshi. "Wafukize, shoga, kabla hawajatuuma."

Sichana hakutingishika. Kundi la nyuki lilikuwa limetua mdomoni mwa mtungi wake wa maji ya kunywa. Vuli hazikunyesha tena kama zamani, nyuki walishauhama mtaa wa Kiembe Samaki, na mpesheni wake ulipukutisha maua bila kuzaa. Kila siku alihamisha unga wa ua hili kwenye lile kwa unyoya wa kuku, jirani akimcheka: "Ushawapaka poda maharusi wako?"

Nyuki mmoja alimtambalia kidoleni, miguu imejaa unga wa manjano.

Sichana akalipokea kumbi, akalididimiza mchangani mpaka likazimika.

"Alhamdulillahi," alisema taratibu. "Maji ntakunywa kwako, shoga."