Aliyebaki Bustanini

Asubuhi ya pili baada ya kumzika mumewe, Wanjugu alikuja bustanini, akachukua jembe, akaanza kupiga matuta.

Wanawake waliacha kazi wakamtazama. Mmoja wao, Hawo, aliyekuwa karibu naye, alisogea kumpisha. Mumewe, Inspekta Kang'ethe, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kijiji chao, na kijiji chao kilikuwa kimezungushiwa seng'enge. Gari lake lilikanyaga bomu kwenye barabara ya Dadaab. Alikuwa akiendesha mwenyewe, peke yake.

"Pole, abaayo," alisema Timiro, akimwita dada kwa Kisomali. "Allah akupe subira."

"Asante, Mama Nunow."

Sauti yake haikuwa na kitu ndani. Hata makaburini, watu walisema, alisimama kama mtu aliyepanga foleni.

Bustani hiyo alikuwa ameianzisha yeye. Mwaka ule wa 1967 watu walikuwa wameondolewa malishoni na kuletwa hapa kando ya mto Tana, nje kidogo ya Garissa, ili wasiwasaidie shifta, waasi waliokuwa wakipigana na serikali. Ngamia wengine walichukuliwa, wengine wakapigwa risasi. Chakula cha serikali kilikuwa unga mtupu, na watoto wakaanza kutoka vidonda mdomoni. Wanjugu aliwahi kuishi katika kijiji cha namna hiyo kwao Nyeri, wakati wa vita vya Mau Mau, akiwa msichana. Alileta mbegu za sukumawiki, vitunguu na nyanya, akasema anayetaka aje. Hakulazimisha mtu.

Wakaja mmoja mmoja, wanawake waliokuwa hawajawahi kushika jembe na waliokulia wakiambiwa kulima ni aibu. Mwanzoni walikuja kwa sababu bustani ilikuwa nje ya seng'enge. Baadaye walikuja kwa sababu ya nyanya.

Wanjugu alilima pamoja nao. Hakuwahi kukunja mikono ya blauzi yake, hata jua likiwaka vipi, nao wakadhani anajisitiri kwa kuwaheshimu. Mjukuu wa Timiro alipozidiwa na homa, ni Wanjugu aliyembeba mgongoni hadi zahanati.

Kwa hiyo, siku moja kabla ya bomu, Timiro alipopata habari, alishindwa kunyamaza. Mwanawe, Nunow, alikuwa msituni na shifta. Aliwatumia wanawake waliotoka kuokota kuni neno wamfikishie mama yake: kesho asiende mtu wao yeyote barabara ya Dadaab. Na kesho hiyo Wanjugu alikuwa asafiri na mumewe kwenda huko huko.

Jioni Timiro alimvuta kando.

"Abaayo, kesho wewe bakia. Hii nyanya nahamisha kesho. Mimi sijui kuhamisha."

Wanjugu alimtazama. "Unajua vizuri sana, Mama Nunow."

"Basi bakia tu."

"Na Inspekta? Naye abaki?"

Timiro aliinama, akang'oa gugu. "Mwanaume kazi yake iko mingi."

Wanjugu aliokota jembe lake, akaenda nyumbani kwa mumewe. Asubuhi alikuja bustanini, akahamisha miche mpaka mlio ule uliposikika kutoka mbali. Wanawake wote waliinua vichwa. Yeye alikuwa wa mwisho.

Neno moja la Wanjugu lingetosha kumfikisha Timiro kwenye kitanzi.

Sasa, kabla ya adhuhuri, Landrova ilisimama kando ya bustani. Akashuka ofisa mgeni na askari wawili. Wanawake waliamriwa kuchutama chini, mikono kichwani. Wanjugu peke yake aliachwa amesimama.

"Pole kwa msiba, mama," alisema ofisa. "Tumeambiwa ulikuwa usafiri na marehemu. Nani alikwambia usiende?"

Timiro alitazama vidole vya miguu yake.

"Hakuna," Wanjugu alijibu. "Miche ilikuwa inanyauka."

"Hawa wana watoto wao huko msituni. Hakuna hata mmoja aliyekudokezea?"

"Kuhamisha miche siku hiyo niliamua mimi. Wao walifuata."

Ofisa alizunguka kidogo kati ya matuta, akasukuma sukumawiki kwa ncha ya kiatu. Kisha akawaita askari wake, wakaondoka.

Wanawake waliinuka, wakanyoosha magoti, wakarudi kazini. Timiro alikwenda kuchutama kando ya Wanjugu. Wakapanda tuta zima. Mmoja alitoboa udongo, mwingine akashindilia mche. Ilikuwa kazi waliyoizoea, na mikono iliendelea yenyewe.

Mwisho Timiro alisema kwa sauti ya chini, "Abaayo, wewe umejua ni mimi. Kwa nini hukusema?"

Wanjugu alikandamiza udongo kwa kiganja, taratibu, hadi mche ukasimama. Mkono wa blauzi ulipanda, Timiro akaona makovu ya mkanda, mengine hayajapona.

"Ningekutaja," alisema, "wangeniuliza mbona sikumwonya mume wangu. Nilikuwa naye nyumbani usiku kucha."