Shahidi Aliyesema Hakusikia

Kindi alizaliwa katika ukoo wa wasahaulifu. Kwa hiyo sheria ilimtaka, kabla ya kuzika karanga, awatangazie ndege watatu mahali pa kuzizika. Mafuriko yakifuta alama, wao wangemkumbusha.

Mafuriko yakaja. Wanawe wakilia njaa, Kindi akakimbilia kwa hakimu Kobe.

“Alisema, kutoka mkwajuni geuka,” Njiwa alishuhudia. “Hapo ngurumo ikapiga. Sikusikia zaidi.”

“Geuka mtoni!” alisema Kasuku bila kumeza mate. Kunguru akasema vivyo hivyo.

“Wengi wape,” Kobe akaamua, akamkemea Njiwa kwa kuleta ushahidi wenye tundu.

Kindi alichimba mtoni mpaka kucha zikavuja damu. Akapata tope.

“Kunguru, kweli ulinisikia?”

“Nilimsikia Kasuku.”

“Mama, kwa ngurumo ile nani angesikia?” Kasuku akacheka. “Lakini shahidi mwenye hadhi hasemi sijui.”

Kindi akarudi kwa Kobe, naye akamjibu kwamba kesi imefungwa: kisheria, alikwisha kurudishiwa karanga zake.

Msimu uliofuata mafuriko yalirudi. Kindi, aliyebakiwa na mtoto mmoja, alimwendea Njiwa peke yake.

“Kutoka mkwajuni, geuka kichakani!” alijibu Njiwa bila kusita.

Kindi akakumbuka kwamba siku aliyotangaza karanga za msimu huu pia ngurumo ilipiga.