Kasoro za Picha ya Kikorea

"Picha hii haina maana," alisema Swabaha, akakusanya buibui lake kama anayetaka kuinuka. Mwanatumu alimshika mkono haraka.

"Keti, shoga. Hakimu ndiyo kwanza yuwaanza kuuliza."

Kila Jumatano alasiri, mwaka ule wa 1966, sinema ilikuwa ya wanawake peke yao, na mabuibui yalikuwa yameteremshwa mabegani. Kwenye pazia jeupe, hakimu wa Korea ya kale alikuwa akisikiliza kesi ya msichana aliyeozwa kwa siri. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini, na Swabaha, aliyesoma, alimtafsiria mwenzake.

Mwanatumu hakuwa na raha hata kidogo. Saa ileile, katika msikiti mmoja wa Mji wa Kale, mwanawe Badawi alikuwa akisubiri kumuoa Sheikha, bintiye Swabaha. Jamaldin, babake Sheikha, alikuwa ameridhia. Swabaha ndiye aliyekataa katakata, na lau angepata habari, angekwenda kuivuruga ndoa mbele za watu. Kazi ya Mwanatumu ilikuwa moja tu: kumweka hapa mpaka swala ya alasiri ipite.

Kamaludin, mumewe, ndiye aliyebuni hila hiyo. Bahili yule alinunua tiketi kwa mkono wake mwenyewe, tena za viti vya juu. "Msitoke mpaka taa ziwake," alimwambia mkewe, huku akijigeuzageuza mbele ya kioo na joho jipya mwilini. Mwanatumu alifurahi kumwona vile. Baba wa bwana harusi lazima apendeze.

"Mshitakiwa yuwapigwa kwanza, kisha ndiyo yuwaulizwa," Swabaha alilalamika. "Sheria gani hiyo?"

"Lakini hakimu ana subira. Hata mpishi amemsikiliza."

"Na kilio chote hiki? Kesi haiendi mbele, watu walia tu."

"Zitazame nguo zao, shoga. Hariri tupu."

Kila kasoro ilimtia Mwanatumu hofu, na kwa kila kasoro alitafuta sifa. Alisifu mapaa ya nyumba, akasifu farasi, akasifu mpaka ndevu za karani wa mahakama. Maisha yake yote hakuwahi kuipenda picha kwa jasho namna ile. Kila mara aliielekeza saa yake kwenye mwanga wa pazia, akaona mishale haijasogea.

Hatimaye ilisogea. Alasiri ilikuwa imepita zamani, watu wameshaswali, ndoa imeshafungwa. Mwanatumu alishusha pumzi, akajitanda buibui.

"Wasema kweli, picha haina maana," alisema. "Mamake bibi harusi mjinga kupita kiasi. Mambo yote yapita mbele ya mato yake, asione. Haya, twende zetu."

Swabaha hakuinuka.

"Keti, shoga. Jamaldin aliniambia yote tangu juzi, nami nikakubali, kwa sharti moja." Alimpapasa goti kwa upole. "Sheikha ameolewa na mwanao. Na dada yangu Mejumaa, mjane wa miaka yote hii, ameolewa papo hapo na mumeo."